Pombe, Kahawa na Ndoto ya Utambuzi
Ndoto ya utambuzi, yaani ile ambayo mwotaji anajua kwamba anaota hali bado amelala, hutokea zaidi katika usingizi wa macho yanayochezacheza, hatua iliyoelezwa na watafiti Aserinsky na Kleitman wa Chicago mwaka 1953, ambayo hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. Pombe, ingawa humlaza mtu upesi, huibana hatua hiyo mwanzoni mwa usiku, na ndiyo maana mnywaji wa kila siku anayeiacha huota ndoto nzito, hata za kutisha, ubongo ukifidia ulichonyimwa (aliyezama katika ulevi asiache ghafla bila daktari, kwani degedege laweza kumpata). Kahawa ya jioni nayo huukatakata usingizi. Lenye thamani kubwa zaidi kwa anayetafuta ndoto ya utambuzi, hata hivyo, ni kuitambua tamaa ya vinywaji hivi papo hapo inapozuka, kwa kuwa anayezoea kujichunguza mchana aweza kujichunguza vivyo hivyo ndotoni.