Chembe Zinazovuka Mpaka Bila Muhuri

Ndugu msomaji, wewe wa Tunduma unajua mpaka ni nini. Malori ya shaba kutoka Zambia na Kongo yanapanga foleni, madereva wanasubiri mihuri. Basi sikiliza habari za mpaka mwingine, ule wa Uswisi na Ufaransa, karibu na mji wa Geneva. Huko kuna vitu vinavyovuka mpaka zaidi ya mara 11,000 kwa sekunde moja, na hakuna anayevisimamisha.

Vitu hivyo ni chembe ndogo mno, zinaitwa protoni. Zimo katika kila kitu: jembe, mahindi, hata mkono wako. Shirika la nchi nyingi liitwalo CERN lina handaki la mviringo huko, kama mita 100 chini ya ardhi. Urefu wake ni kilomita 27. Ukilizunguka kwa miguu utatumia saa sita hivi. Mtambo uliomo ulianza kazi mwaka 2008. Protoni zinakimbizwa humo karibu kwa mwendo wa mwanga, kundi moja huku, jingine kule, halafu zinagonganishwa uso kwa uso.

Kwa nini zigonganishwe? Tuseme malori mawili yamegongana usiku, wala hakuna aliyeona. Asubuhi unakuta mahindi yamemwagika huku, mafuta kule, tairi limebingirika mpaka shambani. Mtu makini akitazama atakwambia lipi lilikuwa linakwenda mbio na lilibeba nini. Wataalamu nao hufanya hivyo hivyo. Chembe yenyewe hawaioni. Wanasoma nyayo za vipande.

Chombo cha kusoma nyayo hizo huitwa kitambuzi. Kimoja chao, ATLAS, kina urefu wa mita 46 na uzito wa tani 7,000. Kimondo chetu cha Mbozi, hata tukikikadiria tani 16, vingetakiwa zaidi ya 400 kufikia uzito huo! Kimejengwa tabaka juu ya tabaka, kama shina la mgomba. Tabaka za ndani ni vipande vyembamba vya silikoni, kitu kinachopatikana katika mchanga. Chembe ikipita hapo, umeme kidogo sana unashtuka, na kompyuta inaandika mahali. Tabaka zinazofuata ni nzito. Zinaisimamisha chembe na kupima nguvu yake. Tabaka za nje hungojea chembe ziitwazo myuoni, ambazo hupenya karibu kila kitu. Usishangae: myuoni nyingine huzaliwa juu angani, na sasa hivi kama moja kwa sekunde inapita katika kiganja chako. Haziumi.

Kuna taabu mbili. Kwanza, migongano ni mingi mno, mamilioni kwa sekunde. Haiwezekani kuhifadhi yote, kwa hiyo mashine inapepeta kama mama anavyopepeta kwa ungo: nyingi zinatupwa, chache zinabaki. Pili, chembe zikipita mno, silikoni inachakaa. Kwa sababu hiyo wataalamu wametengeneza vitambuzi vipya, imara zaidi, vya kuwekwa mahali pa vile vya zamani.

Mwaka 2012 walitangaza kuiona chembe ya Higgs, iliyofikiriwa tangu mwaka 1964. Hiyo inasaidia kueleza kwa nini chembe nyingine zina uzito.

Utauliza, kama nilivyouliza mimi: fedha zote hizo za nini, na watu wengine hawana maji? Ni swali la haki. Chembe ya Higgs haijajaza ndoo ya mtu. Lakini elektroni ilipogunduliwa mwaka 1897, nayo haikuwa na kazi. Leo redio na simu haziendi bila hiyo. Na ufundi wa kukimbiza chembe uko hospitali. Katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kuna mashine ndogo za jamaa hiyo hiyo. Hukimbiza elektroni ili kupata mionzi ya kuchoma uvimbe wa saratani.

Waafrika nao wamo. Mtaalamu mmoja wa ATLAS, Ketevi Assamagan, mwenye asili ya Togo, ni miongoni mwa walioanzisha masomo ya fizikia kwa wanafunzi wa Afrika. Yalianza Afrika Kusini mwaka 2010, kisha yakawa yanahama nchi hadi nchi. Mwaka 2016 yalifanyika Kigali, Rwanda.