Akiba Iliyosahauliwa: Kusema au Kunyamaza?



Akiba haiozi, ndivyo walivyosema wazee wetu, na maneno yao ni ya kweli. Lakini akiba yaweza kusahauliwa. Miaka hupita, kitabu cha benki kikalala chini ya sanduku, laini ya simu ikafungwa na fedha zimo ndani, na mwenyewe akazeeka au akafariki dunia. Kisha siku moja akiba hiyo huonekana, na pengine huonekana wakati mgumu, yaani wakati nyumba ile imekwisha kuandikwa katika orodha ya maskini na inapokea ruzuku. Hapo mtu hujiuliza moyoni: Je, niseme, au ninyamaze?

Tumeona yafaa kulieleza jambo hili, na ili lieleweke vizuri tutawachukua wasomaji wetu safari ndefu, mpaka Bariadi. Mji huo ndio makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, mkoa uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria. Hiyo ni nchi ya pamba na ng'ombe, si ya karafuu. Lakini mkulima wa pamba na sisi wa karafuu tuna hali moja: fedha hutujia kwa msimu. Anayekuja kutuhesabu mwezi wa mavuno hutuona matajiri, na anayekuja mwezi wa njaa hutuona hatuna kitu. Zaidi ya hayo, mpango wa ruzuku ulioko Bariadi ndio huo huo ulioko Unguja na Pemba.

MPANGO WENYEWE

Jina lake ni Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, nao unaendeshwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambao wengi tunaujua kwa jina la TASAF. Ulizinduliwa mwaka 2012. Katika kipindi cha kwanza ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kila kaya, ikilipwa kila baada ya miezi miwili. Nyumba yenye watoto iliongezewa kitu, kwa sharti kwamba wadogo wapelekwe kliniki na wakubwa waende shule. Aliyeweza kufanya kazi alipewa nafasi katika kazi za kijiji, kama kuchimba lambo au kutengeneza barabara, siku 60 kwa mwaka.

Nyumba huingiaje katika mpango huu? Kwanza, wanakijiji wenyewe hukutana katika mkutano mkuu, wakataja nyumba wanazoziona kuwa maskini kabisa. Pili, huja waandikaji wenye dodoso, wakauliza mambo ya nyumbani: mko wangapi, nani amesoma, paa ni la nyasi au la bati, sakafu ni ya nini, mna mifugo na vyombo gani. Majibu hayo hupigwa hesabu kwa kompyuta. Tatu, majina hurudishwa mbele ya mkutano, na watu huulizwa kama ni ya haki. Baada ya miaka kadhaa kaya huhakikiwa tena, na zile ambazo hali yake imekuwa nzuri hutolewa katika mpango.

Basi mpango huu wasimama juu ya neno la mwenye nyumba na macho ya jirani zake. Hapana mtu awezaye kwenda kila benki na kila zizi kutafuta mali ya kila bibi kizee.

KITABU CHA MAREHEMU

Sasa tufanye mfano. Tuseme yuko mjane mmoja katika kijiji cha Bariadi, analea wajukuu watatu, na jina lake limo katika orodha. Mvua za masika zinavuja ndani, naye anaondoa sanduku la marehemu mumewe lisilowe. Chini ya shuka kuukuu anakuta kitabu cha Benki ya Posta. Ndani yake mna shilingi 96,400, ambazo mzee aliziweka mwaka mmoja pamba ilipokuwa nzuri.

Mjukuu wake mkubwa, kijana mwenye akili, anamwambia: "Bibi, kirudishe mahali pake. Ukisema tu, watatukata."

Kijana huyo si mwizi, wala hatumlaumu. Ameiona njaa kwa macho yake. Anajua kwamba shilingi 96,400 hazifiki hata ruzuku ya msingi ya miezi kumi kwa kiwango kile cha kwanza. Zikiisha, nyumba itakula nini? Hofu yake ni ya haki, na mtu anayehubiri uaminifu bila ya kuitazama hofu hiyo hajakaa na wenye shida.

Lakini bibi amejibu: "Mwanangu, mpaka jana nilikuwa sijui. Leo najua."

Katika maneno hayo machache ndimo limo jambo lote. Aliyesahau hakudanganya. Alipoulizwa na waandikaji alisema yale aliyoyajua. Lakini tangu saa aliyokifungua kitabu kile, kunyamaza kwake hakuwi tena kusahau, bali ni kuficha. Kitu ni kile kile na fedha ni zile zile, ila jina la kitendo limebadilika.

Bibi akachukua kitabu akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akawakuta na watu wawili wa kamati ya mpango. Mwenyekiti akampa kiti, akasema: "Mayu, fedha hizi unazo mkononi?" Akajibu hana, ana kitabu tu. "Basi tutaandika hivyo hivyo," akasema mwenyekiti, "kwamba kimeonekana kitabu cha marehemu, na fedha bado hazijatolewa."

Jibu hilo lilikuwa la busara. Fedha zilizo katika hesabu ya marehemu si za mjane peke yake mpaka mirathi iamuliwe. Hupasa ukoo ukae umteue msimamizi, ipatikane hati ya kifo, kisha mahakama ya mwanzo imthibitishe msimamizi huyo. Hapo ndipo benki hufungua mlango, na warithi wote, pamoja na watoto, hupata haki yao. Wala benki haikuondoka kwa kuwa jina limebadilika: iliyokuwa Benki ya Posta huitwa Benki ya Biashara Tanzania tangu mwaka 2021.

JE, AKIBA NI KOSA?

Watu wengi hudhani kwamba mwenye akiba hata ya senti moja hufutwa siku hiyo hiyo. Dhana hii ndiyo inayowafanya watu wema waseme uongo. Ziko nchi zenye mpaka wa namna hiyo. Uingereza, ambako wengine wetu tuna ndugu, mtu anayepokea msaada uitwao Universal Credit hupunguziwa akiba yake ikizidi pauni 6,000, na ikizidi pauni 16,000 kwa kawaida hapati kitu. Huko aliyesahau na aliyeficha wote wawili hudaiwa kurudisha walichopewa zaidi, lakini aliyeficha kwa makusudi aweza kushitakiwa.

Mpango wa Bariadi hautumii mpaka mmoja wa fedha kama huo. Hutazama hali nzima ya nyumba. Tena TASAF yenyewe huwahimiza walengwa wajiunge katika vikundi, waweke akiba na kukopeshana, ili wanunue kuku, mbuzi au mbegu. Haiwezekani mpango uwafundishe watu kuweka akiba kisha uwahesabie akiba hiyo kuwa dhambi. Linalokatazwa ni uongo.

Katika nchi ya Wasukuma liko jambo jingine lililo gumu kuliko kitabu cha benki, nalo ni ng'ombe. Desturi ya tangu zamani ni kuwaweka ng'ombe wengine kwa rafiki au kwa shemeji wa mbali, pengine huko Meatu au Maswa, ili ugonjwa au ukame usiwamalize wote pamoja. Mwandikaji akifika nyumbani huona zizi tupu. Ndama mmoja aliyepelekwa kwa shemeji miaka kumi iliyopita leo aweza kuwa ng'ombe watano. Hiyo nayo ni akiba iliyosahauliwa, nayo yataka kutajwa.

JIRANI ALIYEACHWA NJE

Tena tusisahau kwamba nafasi zina kiasi chake. Katika kipindi cha kwanza mpango haukuvifikia vijiji vyote. Kama asilimia 30 vilingoja kipindi cha pili. Rais John Magufuli alipokizindua kipindi hicho mjini Dar es Salaam, Februari 2020, alieleza kwamba uhakiki umeondoa maelfu ya kaya zisizostahili. Kila jina la uongo katika orodha lilikuwa limekalia kiti cha mtu mwingine, labda mama aliye nyumba ya tatu kutoka hapo, ambaye siku ya malipo hutazama wenzake wakipita.

Sisi Visiwani tunayo pensheni ya wazee waliotimiza miaka 70, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikaongezwa kufika 50,000. Hiyo haimwulizi mzee ana mikarafuu mingapi. Huuliza umri wake, wala si mali yake, na hapo mzee hana haja ya kuogopa kitabu chake. Lakini ruzuku ya kaya maskini huuliza, na anayeulizwa hupaswa kujibu.

Kwa hiyo twawashauri wasomaji wetu mambo haya. Fungueni masanduku mapema, kabla ya waandikaji kufika. Kumbukeni laini za simu za zamani, hasa zile zilizofungwa mwaka 2020 kwa kutosajiliwa kwa alama za vidole. Mkikuta kitu, mwambieni sheha na kamati siku zile zile, tena mbele ya shahidi, na mtaje kiasi kilichopo na nani mwenye haki nacho. Na wale wanaosikiliza wamfanyie upole mtu anayekuja kusema kweli, maana akikaripiwa yeye, wote waliomo foleni nyuma yake watanyamaza.

Pengine bibi yule atabaki katika orodha, na pengine wakati wa uhakiki atatolewa. Hatuwezi kumwahidi. Lakini siku ya mkutano atakaa mbele pamoja na jirani zake, na jina lake likisomwa hatainamisha kichwa.