Visiki vya Puge si Kuni Tu

Kila mwaka mvua zinapoanza tunasikia habari za kupanda miti. Miche hushushwa kutoka kwenye malori, wakubwa hushika majembe, picha hupigwa. Hatulipingi jambo hilo, maana atakaye kivuli hana budi kupanda. Lakini twauliza: miche hiyo ni ya miti gani? Mara nyingi ni mikaratusi, ambayo asili yake ni Australia, au mijohoro na miarobaini iliyotoka Asia. Miti ya kwetu, yaani mninga, mtundu, myombo na mpingo, ni nadra kuionekana kitaluni, na hakuna anayeifanyia sherehe.

Tunawaandikia hasa ndugu zetu wa Puge, katika Wilaya ya Nzega, karibu nusu ya njia iendayo Tabora. Nchi yao ni ya Unyamwezi, na Unyamwezi ni nchi ya njia. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipofika Tabora iligawanyika: mingine ikashika magharibi kwenda Ujiji, mingine kaskazini kuelekea ziwa kubwa, safari ambayo Speke aliifanya mwaka 1858. Wageni husifu sana miembe ya zama zile. Ni miti mizuri, ila mwembe nao ni mgeni kutoka Asia. Mpagazi wa Kinyamwezi aliishi kwa mwitu wa kwao: dawa yake, asali yake, hata kilindo cha kuwekea vitu vyake kilikuwa cha gome la mti.

Katika miji mingine wapenzi wa mimea ya asili huunda vyama. Nairobi kilianzishwa kimoja cha elimu ya viumbe mwaka 1909, na kingali hai. Kazi ya vyama hivyo ni njema. Hata hivyo twaona kwamba Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa na chama chao cha mimea muda mrefu, kisicho na kadi wala ada, nacho ni ngitili.

Ngitili ni ardhi inayofungwa mvua zinapoanza. Mifugo haiingizwi, nyasi huota na kukomaa, na miti hupata nafasi ya kuchipua. Kiangazi kikikaza, mabua yakiisha mashambani, ndipo ngitili hufunguliwa kidogo kidogo, ndama na ng'ombe wa kulima wakitangulizwa. Mwenye kuingiza mifugo kabla ya siku hutozwa faini kwa amri ya mkutano wa wenyeji uitwao dagashida, na sungusungu hulinda.

Jirani zetu wa Shinyanga waliipoteza desturi hiyo karibu yote. Misitu ilifyekwa katika utawala wa Waingereza ili kuwafukuza mbung'o, pamba ikachukua mashamba, mifugo ikaongezeka. Watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, ngitili nyingi ziliachwa mbali na makazi, nazo zikakosa mwenyewe. Nchi ikawa vumbi. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni nguvu nyingi zilitiwa katika vitalu na miche ya kigeni. Wenyeji hawakuichangamkia sana. Walitaka miti wanayoijua. Ndipo wataalamu wakageukia ngitili, na hapo ndipo kazi ikaenda. Mwaka ule wa 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kiasi cha hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Watafiti walihesabu ndani yake aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo, na ndege wa aina 145.

Miti hiyo ilitoka wapi, na haikupandwa? Ilitoka chini. Mtundu na myombo, na mingi ya jamaa zao, ukikatwa mizizi haifi. Kisiki huchipua upya, mradi kisichomwe, kisilimwe kila mwaka, wala machipukizi yake yasiliwe na mbuzi. Pori linaloonekana kuwa uwanda mtupu laweza kuwa msitu uliolala. Anayeng'oa visiki ili apande mikaratusi ametupa mti alio nao akaenda kuomba wa jirani.

Yatupasa kusema kweli yote. Ngitili haikumfaa kila mtu sawasawa. Nyingi ni za mtu mmoja mmoja, na mwenye ng'ombe wengi ndiye mwenye ardhi kubwa ya kufunga. Asiye na ng'ombe huona malisho yakiuzwa, naye hana la kuuza. Mjane aliyezoea kuokota kuni mahali fulani huambiwa mahali hapo pana mwenyewe. Hilo ndilo jambo la kujadiliwa kwa makini kuliko hesabu ya miche. Ngitili za kijiji kizima zapasa ziwepo, ziandikwe, na mapato yake yasomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi na kuutungia sheria ndogo. Haki hiyo haina faida ikikaa kabatini.

Wako na wengine wanaohusika. Wakulima wa tumbaku wa mkoa huu hukausha jani kwa kuni za miombo. Warina asali wangali wanabandua magome kutengeneza mizinga, na mti uliobanduliwa pande zote hufa. Mizinga ya mbao ipo. Nasi wa mjini, tunaonunua gunia la mkaa bila kuuliza lilikotoka, tusijifanye watazamaji.

Kabla ya mvua zijazo, mkutano wa kijiji waweza kuchagua eneo moja, ukalizungukia kwa miguu pamoja na wazee wanaoyajua majina ya miti kwa Kinyamwezi na Kisukuma, ukahesabu visiki vilivyo hai, ukakubaliana siku ya kufunga, siku ya kufungua, na siku ambazo wasio na mifugo wataingia kuokota kuni, uyoga na dawa.