Mwarobaini: Dawa ya Wadudu wa Mboga

Ukipita Kawe alfajiri utawakuta wakulima wakimwagilia matuta ya mchicha na matembele. Mboga hizi hutujenga mwili na kulinda macho. Lakini viwavi na vidukari nao wanazipenda.

Wakulima wengine hupulizia sumu kali ya dukani leo, wakavuna kesho. Hiyo ni hatari. Kila sumu ina siku zake za kungoja kabla ya kuvuna, nazo zimeandikwa kwenye chupa. Mchicha huwa tayari kwa wiki 3 au 4 tu, kwa hiyo nafasi ya kungoja ni ndogo. Kuosha hakuondoi sumu yote. Anayeila ni mtoto wa jirani, na mtoto wako pia.

Mti tulio nao

Mwarobaini umeenea Dar es Salaam. Nguvu yake, iitwayo azadiraktini, imo zaidi katika mbegu. Haimwui mdudu papo hapo. Humfanya aache kula, ashindwe kujivua ngozi na asikue. Basi ukimwona kiwavi angali hai kesho yake, usikate tamaa.

Jinsi ya kutengeneza

1. Okota mbegu zilizokomaa. Ondoa nyama, osha, anika kivulini. Zenye ukungu tupa.
2. Menya, twanga nusu kilo ya kiini, loweka katika lita 10 za maji usiku kucha.
3. Chuja kwa kitambaa. Tia sabuni kidogo ili dawa ishike majani.
4. Nyunyiza jioni, juu na chini ya majani, maana jua huiharibu. Itumie siku hiyo hiyo. Rudia baada ya siku 7.

Ukikosa mbegu, twanga kilo 1 ya majani mabichi kwa lita 5 za maji.

Tahadhari

Dawa ya mti nayo ni dawa. Usiinywe, na iwe mbali na watoto. Kinu chake kisitwangiwe chakula. Ngoja siku chache kabla ya kuvuna, kisha osha mboga kwa maji safi. Maji ya tumbaku usiyatumie, ni sumu kali kwa binadamu. Utupa huua wadudu, lakini huua na samaki; usiumwage mtoni.

Zungumzeni katika kikundi

Nani kati yetu husoma maandishi ya chupa kabla ya kupulizia? Tuanze na tuta gani kujaribu mwarobaini? Mwiteni bwana shamba awaonyeshe.