Mwenye Nyumba Ndiye Fundi

Alfajiri ya 30 Januari 2019, kipimajoto cha uwanja wa ndege wa Minneapolis na Saint Paul, katika jimbo la Minnesota, Marekani, kilishuka hadi nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri. Kilomita chache mashariki ya Saint Paul uko mji wa Oakdale, wenye wakazi wapatao 28,000, nao ulikuwa ndani ya baridi hiyohiyo. Katika majira kama hayo tanuri la kupashia nyumba joto si anasa. Likizimika usiku, kufikia asubuhi familia inatetemeka chini ya mablanketi, na mabomba yaliyo karibu na kuta za nje yameanza kuganda. Bahati mbaya, tanuri huchagua kugoma usiku huohuo wa baridi kali, kwa sababu ndio usiku linaofanya kazi bila kupumzika.

Dalili moja mafundi wanaifahamu sana. Tanuri linawaka, moto wa gesi unaonekana kwa sekunde chache, kisha unazimika wenyewe. Linajaribu tena, moto unazimika tena. Baada ya majaribio kadhaa linajifunga na kunyamaza. Mwenye nyumba aliyeingiwa na hofu huanza kuhesabu maelfu ya dola za tanuri jipya, ilhali mara nyingi tatizo ni uchafu ulioganda juu ya kijiti cha chuma chenye urefu wa kidole.

Kijiti hicho ni kihisi moto, na kazi yake ni kuthibitisha kwamba gesi inayotoka inaungua kweli. Joto la moto huvunja baadhi ya molekuli na kuacha chembe zenye chaji, yaani ayoni; ndiyo maana ndimi za moto hupitisha umeme, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Tanuri hupeleka kwenye kijiti umeme wa kwenda na kurudi. Kwa kuwa kichomeo cha gesi kina eneo kubwa kuliko kijiti, umeme hupita kwa wepesi upande mmoja na kwa shida upande wa pili, na kinachosalia ni mkondo hafifu wa upande mmoja tu. Ubao wa saketi ukiuona mkondo huo, unajua moto upo. Usipouona, unafunga valvu ya gesi kabla nyumba haijajaa gesi.

Mkondo wenyewe ni sehemu chache tu za milioni ya ampia. Chaja ya simu hutoa umeme unaouzidi mara laki kadhaa. Kwa udogo huo, utando mwembamba wa oksidi juu ya kijiti unatosha kuuzuia: moto unawaka vizuri kabisa, lakini tanuri halina habari. Dawa yake ni kuzima umeme wa tanuri, kufunga gesi, kufungua skrubu moja kwa bisibisi, kusugua kijiti taratibu kwa waya laini kama ule wa kusugulia sufuria, na kukirudisha. Ni kazi ya robo saa.

Hapa ndipo hesabu za Oakdale zinapoachana na za Kariakoo. Dar es Salaam kipuri ndicho ghali, mikono ndiyo rahisi. Pasi iliyokufa hupelekwa kwa fundi wa mtaani, naye huifungua, huunga waya, hubadilisha fyuzi, na mteja hurudi nayo nyumbani kwa gharama ndogo. Mafundi wa simu wa Luthuli Avenue, Nairobi, wanaishi kwa hesabu hiyohiyo. Minnesota mambo yamepinduka. Kipuri hununuliwa kwa dola chache, lakini fundi hutoza ada ya kufika mlangoni kabla hajagusa kitu, halafu saa zake za kazi, na kama ni usiku au mwisho wa wiki bei inapanda tena. Ndiyo sababu kifaa kinachoweza kupona hutupwa: kumlipa wa kukiponya ni ghali kuliko kununua kingine.

Watu wa Afrika Mashariki waliohamia eneo la Minneapolis na Saint Paul kwa maelfu, Wasomali, Waethiopia, Wakenya na wengineo, hukutana na hesabu hii mapema. Aliyezoea kumwita fundi bomba wa jirani kwa simu moja hujikuta ameshika spana mwenyewe.

Mwalimu mzuri wa kuanzia ni choo. Ndani ya tangi la choo cha kuvuta kuna kizibo cha mpira kinachoziba tundu la chini. Klorini inayotiwa kwenye maji ya bomba kuua vijidudu hushambulia pia mpira huo. Miaka inavyopita hukakamaa, hupinda, na maji huanza kupenya kimyakimya kwenda kwenye bakuli. Shirika la Serikali ya Marekani linaloshughulikia mazingira hukadiria kuwa choo kinachovuja kinaweza kupoteza galoni 200 kwa siku, karibu lita 750. Kwa anayejua uzito wa dumu la lita 20, hayo ni madumu 37 yanayomwagwa kila siku bila mtu kusikia.

Kupima uvujaji huo hakuhitaji kifaa. Matone machache ya rangi ya chakula hutiwa kwenye tangi, kisha watu huacha kukitumia choo kwa robo saa. Bakuli likipata rangi, kizibo kimechoka. Maji hufungwa kwenye koki ndogo iliyo ukutani nyuma ya choo, kizibo cha zamani huchomolewa, kipya huingizwa na mnyororo wake hufungwa.

Mabomba yaliyoganda ni somo gumu zaidi, na wengi hulielewa nusu. Maji yakigeuka barafu huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9. Aliyewahi kusahau chupa iliyojaa kwenye friza amejionea. Kwa hiyo watu hudhani bomba hupasuka pale barafu ilipo. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Illinois uliofanyika miaka ya 1990 ulionyesha vingine. Barafu inapokua ndani ya bomba husukuma maji yaliyobaki kati yake na bomba la kufungulia lililofungwa. Maji hayabanwi kirahisi, hivyo shinikizo lake hupanda kupita kiasi, na bomba hupasukia hapo penye maji, pengine mbali na barafu yenyewe. Watafiti hao waliona pia kuwa hatari kwa mabomba yasiyofunikwa huanza joto la nje linapofika karibu nyuzi 7 chini ya sifuri.

Hiyo ndiyo siri ya desturi ya Minnesota ya kuacha bomba lidondoshe maji kidogokidogo usiku wa baridi kali. Mtiririko huo mwembamba unaweza usizuie barafu, lakini unalipa shinikizo mahali pa kutokea. Bomba likishaganda, huyeyushwa kwa mashine ya kukaushia nywele, kuanzia upande wa bomba la kufungulia kurudi nyuma, na bomba hilo likiwa wazi. Atakayetumia moto wa gesi anaweza kuokoa bomba na kuchoma ukuta.

Oakdale imepakana na Maplewood, yalipo makao makuu ya 3M, kampuni ambayo mikono yake imo katika masanduku ya vifaa dunia nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, kijana aliyeitwa Richard Drew alikuwa akipeleka msasa wa kampuni hiyo kwenye karakana za magari za Saint Paul ili ujaribiwe. Huko aliwakuta wapaka rangi wakilaani: walibandika karatasi kwa gundi kali ili kutenganisha rangi mbili, na walipoibandua, rangi mpya ilitoka nayo. Drew akatengeneza utepe unaoshika bila kung'ang'ania, ukatoka mwaka 1925. Miaka mitano baadaye akatoa utepe unaoonyesha, ule ambao leo uko katika kila duka la vifaa vya shule. Ulizaliwa wakati uchumi wa Marekani umeporomoka, na watu wasio na fedha za kununua vipya waliutumia kuunga vitabu, mapazia, hata noti zilizochanika.

Utepe mwingine, ule mweupe ambao fundi bomba huzungushia kwenye nyuzi za bomba kabla ya kukaza, una historia yake. Umetengenezwa kwa plastiki iitwayo PTFE, iliyogunduliwa kwa bahati mwaka 1938 na Roy Plunkett, mkemia wa kampuni ya DuPont. Ni laini kupindukia, hivyo huruhusu nyuzi kukazwa zaidi, na wakati huohuo hujaza mianya. Huzungushwa kwa mwelekeo uleule wa kukaza. Ukizungushwa kinyume, kila mzunguko wa spana huufungua.

PTFE ni ya ukoo wa kemikali za PFAS, zenye vifungo vya kaboni na florini ambavyo mazingira hushindwa kuvivunja. Na hapa Oakdale haina haja ya kusoma vitabu. Katikati ya karne ya 20, taka za 3M zenye kemikali za ukoo huo zilifukiwa katika mji huu, nazo zikaingia kwenye maji ya chini ya ardhi yanayotegemewa na visima vya mji. Mwaka 2006 mtambo wa kuchuja maji kwa kaboni hai ulianza kazi. Mwaka 2018 jimbo la Minnesota na 3M walimaliza kesi yao kwa kampuni kukubali kulipa dola milioni 850. Mwenye nyumba anaweza kubadilisha kizibo cha choo chake. Kusafisha mwamba wenye maji ulio chini ya mji ni kazi inayohitaji serikali, mahakama na mtambo.

Mpaka mwingine uko ndani ya nyumba yenyewe. Sheria ya Minnesota humruhusu mtu kufanya kazi ya umeme katika nyumba anayoimiliki na anamoishi, mradi achukue kibali na kazi ikaguliwe. Kabla ya kuchimba shimo uani hupigwa simu 811, ili mabomba ya gesi na nyaya zilizofukiwa ziwekewe alama. Kuunga bomba la gesi au kufungua moyo wa tanuri si kazi ya kujaribia. Kosa dogo hapo huzaa monoksidi ya kaboni, gesi ileile isiyo na rangi wala harufu inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani katika miji ya baridi ya Afrika Mashariki. Hujishika kwenye damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ndiyo maana nyumba za Minnesota hutakiwa kisheria kuwa na king'ora cha gesi hiyo kisichozidi mita 3 kutoka kila chumba cha kulala.

Kwa vifaa vya kielektroniki, kikwazo kilikuwa kingine: kampuni hazikuuza vipuri wala kutoa michoro. Mei 2023, Gavana wa Minnesota, Tim Walz, alitia saini sheria inayozitaka kampuni kuwapa wenye vifaa na mafundi huru vipuri, zana na maelekezo yaleyale wanayopewa mawakala wao. Ilianza kutumika 1 Julai 2024 na inahusu vifaa vilivyouzwa tangu 1 Julai 2021, ingawa magari, mashine za shamba, vifaa vya hospitali na mashine za michezo ya video vimeachwa nje. Uzito wa suala unaonekana kwenye ripoti ya Umoja wa Mataifa: mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na kielektroniki, na asilimia 22 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelewa ipasavyo.

Anayeogopa kufungua kifaa peke yake ana pa kwenda. Mwaka 2009, Martine Postma alianzisha Amsterdam mikutano ya majirani ya kutengeneza vitu, na mwaka huohuo wazo la aina hiyo likaanza California. Kaunti ya Hennepin, yenye mji wa Minneapolis, ilianza kliniki zake mwaka 2012, na Kaunti ya Washington, ambamo Oakdale imo, nayo huandaa za kwake. Watu hufika na taa, mashine za kuvuta vumbi, vikaango vya mkate na nguo zilizochanika. Huduma ni bure, lakini mwenye kifaa haruhusiwi kukiacha na kwenda zake. Huketi karibu na mtu wa kujitolea, hushika bisibisi, huona waya uliokatika. Kijana aliyewahi kukaa kwenye benchi la fundi mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, angejisikia nyumbani.

Msomaji anaweza kuanza leo jioni, awe Oakdale au Tabata, bila kununua kitu. Tafuta koki kuu inayoingiza maji ndani ya nyumba na swichi kubwa ya umeme. Ifunge koki kisha uifungue, kwa sababu isiyoguswa miaka mingi hukwama, na usiku bomba litakapopasuka si wakati wa kugundua hilo. Waonyeshe wote wanaoishi humo, watoto wakubwa wakiwemo, kila kimoja kilipo.