Kibadeni: Kutoka Uwanjani hadi Benchi la Ukocha

Jioni ukipita katika viwanja vya Masasi, au kule juu Newala, utawakuta vijana wakisakata kabumbu kwa ari kubwa na kandoni wazee wakibishana. Ubishi huo haukosi jina la Abdallah Kibadeni, aliyepewa heshima ya kuitwa "King". Sisi tuliozaliwa baadaye tumeurithi kwa masimulizi mchezo wa tarehe 19 Julai, 1977, Simba ilipoifunga Yanga mabao 6-0, na matatu kati ya hayo yakawa ya Kibadeni. Lile deni la 1968, Yanga iliposhinda 5-0, likalipwa pamoja na riba.

Lakini makala haya hayakusudii kusifu mabao. Wachezaji hodari tumekuwa nao wengi; walio wachache ni wale ambao, baada ya kutundika daluga, walikubali kuanza upya katika kazi ya ukocha. Kufunga bao ni kipaji. Kumweleza kijana kwa nini asimame hapa wala si pale ni elimu nyingine kabisa.

Mwaka 1993 Kibadeni aliiongoza Simba hadi fainali ya Kombe la CAF. Abidjan walitoka suluhu 0-0 na Stella, na watu wakaamini kombe limekwisha kuwa letu. Dar es Salaam, mbele ya Rais Mwinyi, Simba ikafungwa 2-0. Sioni aibu hapo: ilipita miaka thelathini ndipo klabu nyingine ya Tanzania, Yanga, ikafika fainali ya Afrika, mwaka 2023. Kibadeni alifundisha pia Kagera Sugar, akarejea Simba mwaka 2013, wala hakumaliza msimu. Ndiyo kazi yenyewe.

Huku kwetu Ndanda FC, yenye jina la Ndanda ya Masasi, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014 ikashuka mwaka 2020. Wachezaji wa zamani tunao, wengine wako mashambani wakipalilia mikorosho, na hakuna anayewauliza neno. Nasi makada tusijitoe lawamani: kila msimu wa uchaguzi twagawa jezi na mipira, tukapigiwa makofi. Nauli na ada ya kumpeleka mmoja wao kwenye kozi ya ukocha, hiyo sijaona ikigawiwa.