Masista na Bweni la Wasichana: Tunachojifunza Kibaha na Kisarawe

Katika ziara za robo hii baadhi ya kamati za sharika ziliniuliza kwa nini sisi Walutheri tujifunze kwa masista wa Kikatoliki. Swali ni la haki, na jibu linaanzia Pugu, jirani na Kisarawe.

Wamisionari Wabenediktini walifungua kituo Pugu mwaka 1888, masista wakiwa miongoni mwao. Tarehe 13 Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, kituo kilivamiwa na Sista Martha Wansing akauawa pamoja na mabruda wawili. Baadaye eneo hili lilipata shule zenye sifa nchi nzima: Minaki ya Waanglikana, Pugu ya Wakatoliki alikofundisha Mwalimu Nyerere, na Sekondari ya Kibaha ya mwaka 1965, iliyotokana na mradi wa nchi za Nordic. Zote zilijengwa kwa ajili ya wavulana, na wengi walitoka mikoa mingine. Binti wa Kizaramo aliyeokota kuni jirani na madarasa hayo hakuyaingia.

Ada ya shule za msingi ilifutwa MMEM ilipoanza mwaka 2001, na ya sekondari hadi kidato cha nne Januari 2016. Tukadhani kikwazo kimeondoka. Lakini shule ya kata inaweza kuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kitongojini. Basi mzazi anampangia binti chumba karibu na shule, anamwachia unga, na mtoto wa miaka 14 anaishi peke yake. Mwenye duka anamkopesha sukari, kijana wa bodaboda anampa lifti. Mengine mnayajua.

Hapo ndipo bweni la masista linapotofautiana na jengo tupu. Lina mtu mzima anayelala humo, uji wa asubuhi, taa ya kusomea na zamu ya kuchota maji. Sista hana familia ya kurudia mjini kila Ijumaa, na akihamishwa shirika lake huleta mwingine. Sisi, katika maandiko yetu ya miradi, tunaomba saruji na mabati, tunasahau mshahara wa matroni.

Jambo la pili ni mwali. Kwa mila ya Wazaramo msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani kwa miezi, hata zaidi ya mwaka. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland aliyeishi na Wazaramo miaka ya 1960, ameyaeleza hayo kwa kina. Siku hizi familia nyingi hufupisha. Anayekemea mila hiyo mimbarini hamfikii kungwi. Masista wazoefu huenda kukaa mkekani na mama mzazi na kungwi, wakaomba jambo moja tu: mwali achezwe wakati wa likizo. Wenyeji wengi ni Waislamu, na bado hodi hiyo hupokelewa.

Tuseme ukweli pia. Zipo shule za masista zenye ada ambayo mkulima wa korosho au mchoma mkaa wa Mzenga haimudu. Zinafundisha vizuri, lakini zinawafundisha watoto wa Dar es Salaam. Hizo si mfano wetu.

Mfano wetu ni bweni, na chekechea pembeni yake. Novemba 2021 Serikali iliruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni, lakini waraka hauwezi kumbeba mtoto wakati mama yake yuko darasani. Kushirikiana na masista si jambo geni: tangu mwaka 1992 makanisa yetu yana tume moja ya huduma za jamii, CSSC.

Kabla ya kikao kijacho cha mipango, kila kamati ihesabu wasichana wanaoishi vyumba vya kupanga katika eneo lake. Andikeni idadi, kidato, umbali wa kwao, na kama kuna mtu mzima anayelala nyumba hiyo. Majina msiandike.